TB sugu: hapo aliyekuwa sugu ni nani?

Ukisikia fulani "ana TB sugu" wengi wanaelewa kwamba mwili wake umezoea dawa, kama vile mtu anavyosema siku hizi panadol hainishiki tena. Hapana jamani. Mwili wake uko vilevile, aliyekuwa sugu ni mdudu, yule bakteria aliyeko mapafuni. Na sibishani maneno tu hapa, maana mdudu huyohuyo akikoholewa kwenye daladala madirisha yamefungwa na wewe ukamvuta, akija kukuletea ugonjwa ni TB sugu tangu siku ya kwanza hata kama hujawahi kumeza kidonge cha TB maishani. Kwa hiyo ile ya "huyo alikuwa anaruka dozi" mara nyingi tunamwonea mtu.

Inakuwaje sasa? Mapafuni kuna mamilioni ya hao bakteria, na katika kuzaana kwao wachache wanatokea na hitilafu kwenye jeni ambayo kwa bahati tu inafanya dawa fulani isiwaguse. Ukitumia dawa moja, wenzao wanakufa, wao wanabaki na shamba lote. Ndo maana TB ya kawaida inatibiwa kwa miezi 6, na miezi miwili ya mwanzo ni dawa nne pamoja: rifampisini (hii ndo inageuza mkojo rangi ya chungwa, watu wanashtuka kweli), isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, halafu miezi minne inayobaki ni rifampisini na isoniazidi. Anayeponyoka huku anadakwa kule. Mdudu akishazishinda rifampisini na isoniazidi zote mbili, ambazo ndo nguzo, hapo inaitwa MDR, yaani sugu kwa dawa nyingi. Ikizidi hapo, ikashinda na dawa za akiba, ni XDR, yaani sugu kupindukia.

Hiyo XDR ilitisha dunia mwaka 2006, habari zilipotoka Tugela Ferry, kijijini KwaZulu-Natal, Afrika Kusini: wagonjwa 53, wakafa 52. Na hata kwa wale wa MDR matibabu ya enzi hizo yalikuwa adhabu, miezi 18 mpaka 24, vidonge kibao, na juu yake miezi ya kuchomwa sindano kama kanamaisini ambazo zinaua chembe za kusikia ndani ya sikio, na zikishakufa hazioti tena. Mtu anapona kifua anabaki kiziwi.

Hapo ndo kazi ya daktari Francesca Conradie wa hospitali ya Sizwe, Johannesburg, inapoingia. Kwenye jaribio la Nix-TB lililoanza 2015 aliongoza timu iliyowapa wagonjwa 109, wale walioshindikana hasa, dawa tatu tu za kumeza: bedakwilini inayomkatia bakteria umeme, pretomanidi, na linezolidi inayomzuia kutengeneza protini. Miezi 6, bila sindano hata moja. Matokeo yakatoka 2020: 98 kati ya 109 walifanikiwa. Kweli hapakuwa na kundi la kulinganisha, ila ukikumbuka Tugela Ferry unaelewa kwa nini watu hawakuling'ang'ania sana hilo.

Shida ilikuwa linezolidi. Kwa miligramu 1200 kwa siku, asilimia 81 walipata matatizo ya neva, yaani ganzi na kuchomachoma miguuni, mtu anavua viatu anahisi kama bado amekanyaga changarawe. Wakarudi kazini na jaribio la ZeNix, wakapunguza mpaka 600 kwa wiki 26, mafanikio yakabaki asilimia 91 na matatizo ya neva yakashuka mpaka 24. Mwaka 2022 WHO ikapitisha mseto huo wa miezi 6, ikaongezewa na moksifloksasini, antibiotiki nyingine, pale inapofaa.

Ila mdudu naye halali. Tangu 2021 maana rasmi ya XDR imebadilishwa: sasa ni ile iliyoshinda rifampisini, pamoja na dawa za jamii ya hiyo moksifloksasini, halafu na mojawapo kati ya bedakwilini na linezolidi. Ndiyo, hizohizo za Conradie.