Kasri za Uswidi na vita vyake na baridi, giza na moto

Watu wengi wakiona picha za kasri za Uswidi wanaishia kwenye dhahabu na vioo, wanasema wafalme hawa walipenda kujionesha, na kweli walipenda, ila sisi tunaofundisha historia ya nyumba hizi huwa tunamwomba mgeni aanze na swali jingine: humu mtu alikuwa analalaje mwezi wa kwanza? Maana Stockholm mwezi wa 12 jua linachomoza karibu na saa tatu asubuhi, na saa tisa alasiri haijafika limeshazama. Ukilijua hilo, hata mapambo utayaangalia kwa jicho lingine.

Moto waliuhitaji na moto huohuo ukawatesa. Kasri la zamani la Stockholm, Tre Kronor, liliteketea tarehe 7 Mei 1697 huku maiti ya mfalme Karl XI imo ndani haijazikwa, ikabidi itolewe mbiombio. Kazi ya kujenga jipya akapewa Nicodemus Tessin Mdogo, vita vikala hela yote, yeye akafariki 1728 na familia ya kifalme ikaja kuhamia 1754. Kasri la Drottningholm, nje kidogo ya Stockholm, nalo ni hivyohivyo, malkia Hedvig Eleonora alilinunua 1661 na mwaka huohuo likaungua, hili la leo lilianza kujengwa na baba yake huyo Tessin.

Sasa kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kakelugn, lile tanuri refu la vigae linalosimama kwenye kona ya chumba, wageni wengi wanalipita wakidhani ni kabati. Zamani walikuwa na meko ya wazi tu, moto unawaka vizuri lakini joto karibu lote linapanda na dohani, unaungua uso huku mgongo unaganda, na kuni zinaisha. Na Uswidi ilikuwa inayeyusha chuma kwa mkaa, kwa hiyo serikali ikaanza kuogopa misitu itakwisha. Kazi ya kutafuta tanuri la kuokoa kuni wakapewa msanifu majengo Carl Johan Cronstedt na jenerali Fabian Wrede, na 1767 wakaja na tanuri ambalo moshi hautoki moja kwa moja, unazungushwa juu na chini kwenye njia tano ndani ya matofali mpaka matofali yanashika joto, unawasha asubuhi na jioni na chumba kinabaki na joto. Halafu viwanda vya kauri kama Rörstrand na Marieberg vikavipaka vigae maua na rangi za kwendana na kuta, ndipo chombo cha kuokoa kuni kikawa pambo la sebule.

Giza nalo lilipiganiwa kwa rangi. Mtindo wa enzi za mfalme Gustav III, ule wa kijivu cheupe, samawati iliyofifia na viti vya mbao vilivyopakwa rangi, unafanya mwanga kidogo usipotee, ndiyo maana kati ya madirisha mawili wanaweka kioo kirefu na mbele yake mishumaa, kioo kinaurudisha mwanga chumbani. Nenda kwenye jumba dogo la Gustav III pale kwenye bustani ya Haga, karibu na Stockholm, lililoanza kujengwa 1787, ndani alipamba Louis Masreliez, kuna ukumbi wa vioo unaotazama maji na mchana mwanga unakuja kutoka kila upande. Na kwa vile makabaila wengi hawakuwa na hela za wenzao wa Ufaransa, kuta zikafunikwa kitani kilichochorwa na mbao za misonobari zikapakwa zionekane marumaru, kazi ya mikono ambayo mimi naiheshimu kuliko marumaru yenyewe.

Tangu 1731 meli za kampuni yao ya biashara ya mashariki zilikuwa zinaleta vyombo vya China kwenye bandari ya Gothenburg, kauri zilezile za China ambazo Lamu watu walizipanga kwenye zidaka za nyumba zao. Mwaka 1753 malkia Lovisa Ulrika alipewa zawadi ya birthday pale Drottningholm, jumba dogo zima la Kichina la mbao lililojengwa kwa siri, na mwanae wa miaka 7, huyo Gustav III wa baadaye, akavalishwa Kichina amkabidhi ufunguo. Mbao zikaoza, ikabidi 1763 waanze kujenga lingine la kudumu.

Ukitaka kuonja hali ilivyokuwa kabla ya matanuri hayo nenda Skokloster, kasri la jemadari Carl Gustaf Wrangel lililoanza 1654. Alipofariki 1676 mafundi waliacha kazi, na ukumbi mkubwa wa karamu haujamalizwa mpaka leo, vifaa vyao bado vipo. Kuta zina ngozi zilizopakwa dhahabu na mazulia ya kutundika, yote ya kuzuia baridi ya mawe. Ukienda beba sweta, hata kama ni mwezi wa saba.