Kabla ya Kununua Chila ya Pili: Istilahi za Mfumo wa Maji Baridi

Mameneja wengi wa majengo hapa Kampala hutuita sisi mafundi wakiwa wameshaamua kwamba jengo linahitaji chila ya pili, yaani mashine ya kupoza maji yanayopoza vyumba, kwa kuwa orofa za juu zina joto na wapangaji wanalalamika. Kabla ya kukubali, mimi huuliza kwanza: maji yanatoka kwenye chila yakiwa na nyuzi ngapi, na yanarudi yakiwa na ngapi? Asiyeweza kujibu swali hilo hawezi kujua kama anauziwa mashine anayoihitaji.

Chila ni mashine inayoondoa joto kwenye maji yanayozunguka ndani ya jengo na kulitupa nje. Ndani ya evapareta gesi ya kupozea, ikiwa bado kimiminika, huchemka kwa kufyonza joto la maji hayo. Kompresa huikandamiza mpaka shinikizo na halijoto yake zipande. Kwenye kondensa huachia joto na kuwa kimiminika. Kisha valvu ya upanuzi huishusha shinikizo ili ianze upya. Kondensa ikipozwa kwa feni, tunasema chila ni ya hewa. Ikipozwa kwa maji, kwa kawaida huwapo mnara wa kupozea, ambao huondoa joto kwa kuvukiza sehemu ya maji yake. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, hivyo feni ile ile kwa kasi ile ile hubeba joto pungufu. Anayenunua chila ya hewa adai takwimu za mwinuko huu.

Uwezo wa chila hutajwa kwa tani, na tani hizo si uzito wa mashine. Tani moja ni kilowati 3.517, yaani kasi ya joto linaloyeyusha pauni 2,000 za barafu kwa saa 24.

Sasa turudi kwenye lile swali. Katika mifumo mingi maji ya kwenda huwa nyuzi 7 na ya kurudi nyuzi 12, na zile nyuzi 5 za katikati ndizo tofauti ya joto. Chila ya tani 100 kwa tofauti hiyo huhitaji takriban lita 16.8 za maji kwa sekunde. Maji hayo hayo yakirudi na nyuzi 10, chila inafanya kazi ya tani 60 tu, ingawa pampu inazunguka vilevile na wapangaji bado wanatokwa jasho. Mashine ya pili haitaponya hali hiyo, kwa sababu ya kwanza haijapelekewa joto la kutosha.

Basi joto limekwama wapi? Mara nyingi ni kwenye koili, yale mabomba membamba yenye mapezi ambayo hewa ya chumbani hupulizwa juu yake. Chujio likijaa vumbi, hewa haipiti vizuri na maji hutoka karibu kama yalivyoingia. Wakati mwingine ni valvu ya njia tatu iliyoganda, inayoyapitisha maji kando ya koili moja kwa moja hadi bomba la kurudi. Au valvu za kusawazisha hazikuwahi kurekebishwa, orofa za chini zikanywa maji kupita kiasi na za juu zikabaki na kiu. Kipimajoto kwenye bomba la kurudi la kila orofa hufichua mengi: orofa inayorudisha maji ya nyuzi 8 wakati chumba ni cha moto ndiyo ya kukaguliwa kwanza.

Istilahi ya mwisho ni kiwango cha umande, yaani halijoto ambayo mvuke ulio hewani huanza kugeuka matone. Chumba chenye nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 60 hufikia umande karibu na nyuzi 16, kwa hiyo bomba la nyuzi 7 lisilofunikwa vyema litatoka jasho mchana kutwa. Kifuniko chake lazima kizuie mvuke kupenya, si joto pekee, na kila kiungo kizibwe. Ukiona madoa ya maji kwenye dari, kagua kifuniko hicho pamoja na trei iliyo chini ya koili kabla ya kumwita fundi wa paa.