Ngazija: mvua tele, mto hakuna

Moroni, mji mkuu wa Komoro ulioko Ngazija, hupata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka. Hata hivyo, kisiwa kizima cha Ngazija hakina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Mimi niliyesomea miamba namshauri anayetaka kukijua kisiwa hiki aanzie hapo, kabla ya fukwe na karafuu.

Sababu ni uchanga wa mlima. Karthala, mlima wa volkano wenye mita 2,361, ungali hai, na lava yake haijaoza vya kutosha kuwa udongo mzito. Imejaa nyufa na vitundu. Mvua ikishuka hupenya hadi chini, ikatanda juu ya maji ya bahari yaliyojipenyeza ndani ya mwamba, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Chimba kisima pwani, uvute maji kwa pupa, na chumvi itapanda. Nzwani, kisiwa jirani, ni kikongwe zaidi: miamba yake imeoza ikawa udongo wa mfinyanzi, na vijito vipo.

Ndiyo maana Wangazija hujenga mabirika ya kukinga maji ya mvua. Mlima waweza kuyachafua kwa usiku mmoja. Mwaka 1977 lava iliangamiza nyumba za kijiji cha Singani. Mwaka 2005 madhara yalikuja kwa njia nyingine: majivu yalianguka juu ya mapaa na mabirika, na watu wengi mno wakakosa maji salama. Hatari hii haizungumzwi inavyostahili. Naamini mfuniko imara wa birika upewe uzito uleule wa mashine za kupimia mitetemeko.

Biashara nayo hufuata maji. Kukeneka mafuta ya langilangi, ua la manukato, kunataka mvuke, na maji mengi ya kuupoza. Sishangai kazi hiyo imeshamiri zaidi Nzwani, huku Ngazija ikijulikana kwa vanila, ambayo huchavushwa kwa mkono, ua moja moja.

Fedha nyingi, lakini, hutumwa na ndugu walioko Ufaransa, na sehemu yake huishia kwenye anda, ndoa kubwa inayompa mwanamume haki ya kusema mbele ya wazee. Wapo wanaoiita ufujaji. Mimi hutazama nyumba: bibi harusi hujengewa na jamaa zake, ikawa mali yake, na mume ndiye anayehamia. Ardhi ya manyahuli pia hurithiwa kwa upande wa mama. Na birika hufuata nyumba. Mradi wa maji ukijadiliwa bangweni, uwanja wa mikutano wa mji, na wanaume peke yao, wenye mabirika hawapo kwenye kikao.