Skizofrenia na lugha: uzi wa mazungumzo unapokatika

Kijana wa Lamu akipatwa na skizofrenia, maradhi ya akili yanayovuruga fikra, Kiamu chake hakimtoki. Msamiati anao, na sarufi kwa kawaida imesimama. Kinacholegea ni uzi unaofunga wazo na wazo. Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi aliyeupa ugonjwa huu jina mwaka 1908 kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya akili iliyopasuka, aliona kulegea huko kuwa kiini cha maradhi. Jina lenyewe limepotosha wengi: mgonjwa hana nafsi mbili.

Tazama mfano huu niliotunga. Mama amuuliza mwanawe ameshinda wapi, naye ajibu: "Nilikuwa Matondoni, waunda jahazi. Jahazi lina tanga. Matanga hukaliwa siku tatu, na tatu ni mlango wa nyuma." Kila sentensi ni Kiswahili safi. Lakini tanga la chombo limemvuta hadi matanga ya msiba kwa sababu maneno yafanana. Mtu mzima wa afya husikia neno, na muktadha huizima upesi ile maana isiyohitajika. Kwa mgonjwa maana zote zabaki zimewaka. Ndipo wengine hufuata sauti tupu: shuka, shaka, mashaka, nimechoka. Mshairi naye hufuata vina, ila yeye ndiye mwenye usukani. Hapa vina ndivyo vyamwongoza msemaji. Wachache huunda maneno ambayo hakuna mwingine ayajuaye.

Kuna jingine dogo linalomchosha msikilizaji: "alimwambia, akakataa, akamchukua." Nani? Kiambishi a- hakitambulishi mume wala mke, kwa hiyo jina lisipotajwa huna pa kushika.

Wapo pia ambao maneno huwapungukia. Ukimuuliza habari ndefu, jibu ni "ndiyo" au "sijui". Barazani huambiwa ana kiburi, na hilo laniuma sana, maana huko kunyamaza ni dalili ya ugonjwa kama homa ilivyo dalili ya malaria.

Upande wa kuelewa nao huathirika. Mwambie "mgaagaa na upwa hali wali mkavu", huenda akakujibu kwamba wali wa ufuoni huingia mchanga. Methali humfikia kama ilivyotamkwa. (Jibu moja la namna hiyo halithibitishi ugonjwa, hata asiyezoea methali hujibu hivyo.) Mji wetu husema kwa mafumbo, na kanga moja yaweza kumjibu jirani. Kwa mgonjwa, hayo ni mazito, na akiwa na dhana kwamba watu wamsema, jina la kanga iliyopita mlangoni laweza kumwingia kama tishio.

Wagonjwa wengi husikia sauti za watu wasiokuwapo, na sauti hizo nazo zahusu lugha. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba mgonjwa azisikiapo, sehemu zinazotumika kuunda maneno zaweza kuwa zinafanya kazi. Maelezo yanayokubaliwa na watafiti wengi ni kwamba asikia maneno ya nafsi yake bila kutambua kuwa ni yake. Kwa hiyo hasemi uongo anaposema ameambiwa.

Ukizungumza naye, taja watu kwa majina, sema jambo moja kwa wakati, acha mafumbo, kisha ngoja jibu. Dawa za hospitali kwa kawaida hutuliza sauti na kurukaruka kwa maneno kuliko zinavyorudisha maneno yaliyopungua, hivyo mgonjwa aweza kupata nafuu ya kweli na bado akawa mchache wa kusema.