Je, wajua kwa nini taarifa ya habari ya saa mbili usiku haimsubiri mtu?

Mgeni yuko studioni, mada imekolea. Amefika kwenye "na jambo la tatu, ambalo ndilo kubwa kuliko yote", na hapo hapo mtangazaji anamshukuru, jina la kituo linatajwa, ngoma inalia, taarifa ya habari inaanza. Msikilizaji wa nyumbani anabaki na swali: wangempa dakika mbili tu, kingeharibika nini?

Kingeharibika kingi. Redio ya umma haitoki kwenye mtambo mmoja. Sauti ya studio kuu hupelekwa kwenye mitambo iliyotawanyika nchi nzima, na mahali pengine kuna studio ndogo ya mkoa yenye vipindi vyake, ambayo hujiunga na makao makuu saa ya habari ikifika. Stesheni nyingi za FM za Afrika Mashariki hufanya vivyo hivyo zinapojiunga na idhaa za Kiswahili za nje, kama ile ya Deutsche Welle. Kazi hiyo ya kujiunga siku hizi mara nyingi hufanywa na kompyuta kwa kufuata saa. Kompyuta haijui kwamba kuna jambo la tatu. Ikifika saa 2:00:00 usiku inafungua mlango, na kama studio kuu bado inaongea, msikilizaji wa mkoani anadondoshewa mkia wa sentensi asiyoijua kichwa. Studio kuu ikimaliza mapema, anapewa ukimya, na ukimya kwenye redio ni hitilafu. Mitambo mingi ina kifaa kinachousikiliza: sekunde zilizowekwa zikipita bila sauti, kengele inalia kwa fundi, au muziki wa akiba unaanza wenyewe.

Sababu nyingine ni ya kibinadamu, na ndiyo nzito zaidi. Watu huipanga siku yao kwa redio. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu takriban milioni 2 walikusanyika katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake, wakasikiliza kipindi redioni kisha wakajadili vyoo, maji na malaria. Kipindi kikichelewa robo saa, wanaochelewa si watu wa studio. Ni kikundi kizima kilichoacha jembe kije kukaa chini ya mwembe, na betri zinaisha.

Ndiyo maana siku ya redio ya mazungumzo hupangwa kinyumenyume. Kwanza hupigwa misumari isiyosogea: taarifa za habari, matangazo ya vifo, saa ya kujiunga na mikoa. Kisha kila kilichobaki hunyooshwa au hufinywa katikati ya misumari hiyo. Mtayarishaji mzuri hakuulizi kipindi kinaanza saa ngapi. Anakuuliza kinaisha saa ngapi, halafu anahesabu kurudi nyuma.

Chukua kipindi cha nusu saa, kuanzia saa 1:30 hadi saa 2:00 usiku. Utambulisho wa kituo na kutaja saa huchukua sekunde 20, kwa hiyo lazima uanze saa 1:59:40. Kabla yake muziki wa kipindi unasikika wenyewe kwa sekunde 40, basi mtangazaji anyamaze ifikapo saa 1:59:00. Maneno yake ya kufunga, yaani shukrani, majina ya wageni na mada ya kesho, yanakula sekunde 45. Tumeshafika saa 1:58:15, na hapo ndipo jibu la mwisho la mgeni linapaswa kuwa limekwisha. Ukimpa dakika moja na ushee ya kujibu, swali la mwisho liulizwe kabla ya saa 1:57. Simu za wasikilizaji zifungwe saa 1:54. Mwanzoni nako, muziki na utangulizi vimechukua dakika 1 na sekunde 15. Ukitoa vyote hivyo, nusu saa yako imebaki dakika 27.

Na hizo 27 si za wageni peke yao. Simu nne za dakika moja na nusu ni dakika 6. Mtangazaji mwenyewe, kwa maswali na kukumbusha mada, atatumia kama 5. Zimebaki 16. Ukialika wageni wawili, kila mmoja anapata 8 na mjadala unashika mizizi. Ukialika wanne, kila mmoja ana 4, na hapo hakuna mjadala tena, kuna foleni. Vipindi vingi vinavyoboa havikosi wageni wazuri. Vina wageni wengi mno.

Sasa tazama ule muziki wa kufunga, maana hapo pana ufundi ambao msikilizaji haujui ingawa anausikia kila siku. Muziki unaomalizika wenyewe, kwa pigo lake la mwisho, unapendeza sikioni kuliko uliokatwa. Basi fundi mitambo anachukua kipande cha muziki mtupu cha dakika 2 na sekunde 30, na anakianzisha saa 1:57:10 huku kile kitelezi cha sauti, ambacho studioni huitwa feda, kikiwa chini kabisa. Muziki unakimbia lakini hausikiki. Mgeni bado anaongea. Mtangazaji anapoanza kuaga, fundi anakipandisha kitelezi polepole, kiasi cha muziki kukaa chini ya maneno. Maneno yakiisha anaupandisha wote, na pigo la mwisho linaangukia saa 1:59:40 kamili, mtangazaji amewahi au amechelewa. Mambo mawili huharibu: kutumia wimbo wenye maneno, kwa sababu sauti mbili za watu hugombana, na kusahau kupima urefu halisi wa wimbo, kwa sababu baadhi ya rekodi huwa na sekunde tano au sita za ukimya mkiani.

Kabla ya habari Watanzania wamezoea ngoma. Zile zilizotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania zilipigwa na Mzee Morris Nyunyusa, fundi asiyeona aliyezimudu ngoma nyingi peke yake. Zinafanya kazi mbili kwa mpigo. Kwa msikilizaji ni mwito: aliye jikoni apunguze moto asogee. Kwa msomaji wa habari ni muda unaojulikana urefu wake, wa kumeza mate, kunyoosha karatasi na kusogeza kinywa hadi umbali wa shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni, kidogo upande, ili herufi "p" isipulize na kutoa mlio kama kishindo.

Taarifa yenyewe hupimwaje? Hapa wanaojifunza kazi kwa vitabu vya Kiingereza huumia. Kanuni ya Kiingereza ni maneno matatu kwa sekunde. Kiswahili hakiendi hivyo, kwa kuwa neno letu moja hubeba mzigo wa sentensi. "Walipotutembelea" ni neno moja lenye silabi 8. Kiingereza kinalihitajia maneno manne. Msomaji mtulivu wa Kiswahili hupita maneno kama mawili kwa sekunde, mara nyingi pungufu. Kwa hiyo ukurasa wa maneno 200 uupe dakika mbili hivi, kisha usome kwa sauti na saa mkononi ujue kasi yako mwenyewe. Tarakimu ni mtego mkubwa zaidi. Karatasini 1987 ni alama nne. Kinywani ni "elfu moja mia tisa themanini na saba", karibu sekunde tatu. Habari ya bajeti yenye tarakimu kumi hurefuka kwa nusu dakika ambayo jicho halikuiona, na aliyeandika haraka haraka ndiye anayemlazimisha msomaji kukimbia mwishoni.

Simu za wasikilizaji zina mtego wao, na huu ni wetu hasa. Mpigaji aliyelelewa vizuri haanzi na hoja. Anaanza na shikamoo au habari za huko, anawapa pole na kazi, anapongeza kipindi, anamsalimu mama watoto na wote wanaomfahamu. Nusu dakika imekwenda, tena ni nusu dakika ya adabu isiyokatika bila kumvunjia mtu heshima. Dawa ni kumaliza salamu nje ya hewa. Anayepokea simu chumba cha pili amsalimie kwa ukamilifu, amwulize hoja yake, amwombe aiseme kwa sentensi moja, kisha amwambie: "Ukisikia jina lako, ingia moja kwa moja, salamu tumeshapeana." Amwombe pia azime redio iliyo karibu naye au aondoke chumbani humo. Asipofanya hivyo, sauti yake itatoka redioni na kurudi kwenye simu, ama kwa mwangwi ama kwa mluzi mkali, naye akijisikia nyuma ya maneno yake ataanza kugugumia.

Mashairi ni rahisi kupima kuliko watu. Beti ya tarbia yenye mishororo minne ya mizani 16 ina mizani 64. Ikisomwa kwa utulivu ni robo dakika hivi. Ikighaniwa kwa mahadhi ya taratibu inafika nusu dakika, hivyo shairi la beti kumi litakuchukua dakika tano. Likizidi, usikate mwisho. Beti ya mwisho ndimo malenga anamotaja jina lake na kufunga kauli. Mwombe yeye mwenyewe ateue beti ya katikati ya kuacha, kabla hajaingia studioni.

Sehemu nyingine za siku hufuata mikono ya watu. Alfajiri mtu anajiandaa, haketi, ndiyo maana kila kitu ni kifupi na saa inatajwa mara kwa mara. Katikati ya asubuhi mikono ina kazi lakini masikio yako huru: cherehani, duka, gereji. Hapo panafaa mjadala mrefu au mchezo wa redio. Watoto wakirudi shule, hadithi.

Uko msumari mmoja unaotembea: magharibi. Katika mwezi wa Ramadhani adhana haingoji ratiba, na jua la Dar es Salaam halizami wakati mmoja mwaka mzima; hupishana kwa takriban nusu saa. Kwa redio ya taifa kuna ugumu wa ziada. Kati ya Dar es Salaam na Kigoma kuna karibu nyuzi 10 za longitudo, na jua huchukua dakika 4 kuvuka uzi mmoja. Maana yake Dar es Salaam ikifuturu, Kigoma bado ina kama dakika 40 za mchana. Mtangazaji anayetoa adhana kitaifa bila kusema "kwa Dar es Salaam na maeneo ya jirani" anaweza kuwafungulisha watu jua likiwa bado juu. Maneno hayo hayana budi kuandikwa kwenye karatasi yake, yasiachwe kwenye kumbukumbu.

Na kama unataka kuirekebisha saa yako kwa redio, chagua chombo. Desturi ya kutangaza saa kwa milio ilienezwa na BBC, iliyoanza kurusha milio sita tarehe 5 Februari 1924. Siku hizi mitano ni mifupi, wa sita mrefu wa nusu sekunde, na saa kamili ni pale mlio huo mrefu unapoanza, si unapoisha. Kwenye FM inayotoka mtambo wa karibu, kuchelewa hakuhisiki. Sauti ikipita kwenye setilaiti iliyo kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, inapoteza robo sekunde kwa safari ya kwenda na kurudi. Ukisikiliza kwa simu kupitia intaneti, sauti hukusanywa kwanza ndipo ichezwe ili isikatikekatike, na unaweza kuwa nyuma kwa sekunde 10, 30, hata zaidi. Washa redio ya betri na simu chumba kimoja saa mbili usiku: ngoma ya redioni itakuwa imeshanyamaza, msomaji ameshataja kichwa cha kwanza, ndipo ya kwenye simu ianze kulia.