Je, wajua? Manowari ya Rufiji haikuzamishwa na ndege

Ndani ya Fort Jesus, Mombasa, kuna mzinga wa manowari ya Kijerumani, Königsberg. Niliuona nikiwa mwanafunzi, tumetoka Lamu kwa basi na vumbi hadi masikioni. Niliporudi nikawaeleza wenzangu barazani kwamba meli yenyewe ilipigwa mabomu na ndege mtoni Rufiji Julai 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Nimeisimulia hivyo miaka mingi, kwa kujiamini kabisa, na si kweli.

Ndege zilikuwapo. Lakini ndege ya siku zile ilikuwa mbao, kitambaa na gundi, na joto la pwani yetu liliilegeza gundi yenyewe. Kadhaa za mwanzo hazikufaa kitu. Hata meli inayotajwa kuwa ya kwanza kupigwa topido (kombora linalokwenda majini) na ndege ilipigwa mwezi mmoja baadaye, Agosti 12, 1915, huko Uturuki. Nayo ina ubishi, maana nyambizi ilikuwa imeshaitoboa kabla.

Basi ndege zilifanya nini Rufiji?

Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar Septemba 20, 1914, kisha ikajichimbia kwenye mikoko ya delta. Aliyewahi kukata boriti anajua: ukiingia hatua ishirini tu, chombo chako hukioni tena. Waingereza wakaleta Severn na Mersey, meli za mizinga zinazopita maji madogo. Shabaha ilikuwa kama kilomita 10, nyuma ya miti.

Chukua ndimu, simama kichochoroni, jaribu kuitupa ndani ya ndoo iliyo uani kwa jirani. Ukuta mrefu, huoni kitu. Mpandishe mtoto juu ya paa. Unatupa, anapiga kelele: "Imepita!" Unapunguza nguvu. "Haijafika! Kulia kidogo!" Ya tano au ya sita inalia ndani ya ndoo. Mtoto hajatupa hata ndimu moja.

Sasa mwite rafiki yako, mtupe wawili kwa pamoja. Mtoto anasema "Imepita!" Ya nani? Hilo ndilo lililowakuta Julai 6: meli mbili zikifyatua, mtazamaji angani hajui kombora ni la nani. Waliporudi Julai 11 walifyatua kwa zamu.

Siku hiyo rubani Cull na mtazamaji Arnold waliruka kutoka Mafia, Arnold akituma masahihisho kwa simu ya upepo, yaani redio. Ndege ikapigwa, injini ikafa. Huku wanashuka, Arnold aliendelea kutuma. Wakatua mtoni, ndege ikabinuka, na wote wawili wakaokolewa na mashua ya Mersey.

Wengine husema hapa ndipo ndege ilipoongoza mizinga ya meli kwa mara ya kwanza. Mimi siisemi hiyo: Waingereza walikuwa wameshalijaribu jambo hilo kwenye mlango wa bahari wa Dardanelles, Uturuki, miezi michache kabla. Wala hawa hawakuwa jeshi la anga. Walikuwa watu wa jeshi la majini. Jeshi la anga la Uingereza lilizaliwa Aprili 1, 1918.

Na aliyeizamisha hasa? Meli ilipokuwa inawaka, nahodha wake, Looff, aliamuru ilipuliwe kwa topido zake yenyewe. Baadaye Wajerumani wakaifungua mizinga yote 10 wakaenda kupigana nayo nchi kavu. Ule wa Fort Jesus ni mmojawapo.