Rangi ya asali si mbao: dhana potofu kuhusu vinia za karavani za zamani

Mteja anatuma picha ya simu. Ndani ya karavani ya Kimarekani ya miaka ya 1950 kuta zinang'aa rangi ya asali, na swali ni lilelile: hii ni mbao gani, ninunue ipi ya kufanana nayo? Kwa picha hiyo hakuna fundi anayeweza kujibu, na anayejibu anabahatisha.

Dhana: mbao hutambuliwa kwa rangi

Hii ndiyo inayoharibu kazi kuliko zote. Karavani nyingi za kipindi hicho zilifunikwa ndani kwa plaiwudi ya birchi, mti wa nchi za baridi, yenye unene wa milimita 3 hivi (plaiwudi ni tabaka nyembamba za mbao, yaani vinia, zilizounganishwa kwa gundi), na birchi mpya ni nyeupe inayoelekea manjano. Ule uasali ni wa shelaki (utomvu wa wadudu ulioyeyushwa kwa spiriti) ya rangi ya kaharabu iliyopakwa juu, kisha miaka na jua vikaukoleza. Anayelinganisha rangi dukani hununua plaiwudi nyekundu, anaibandika, halafu anashangaa kiraka kinaonekana tangu mlangoni.

Anza na umalizio, yaani kilichopakwa juu ya mbao. Chomoa droo, tafuta mahali pasipoonekana, kandamiza pamba yenye spiriti (alkoholi) kwa nusu dakika. Pakinata na pamba ikageuka kahawia, ni shelaki. Pasipolainika, jaribu thina ya laka. Pakilainika sasa, ni laka. Vyote viwili vikishindwa, unashughulika na vanishi ya mafuta au ya kisasa zaidi.

Ndipo ukwangue sehemu ndogo kama ukucha hadi kwenye mbao, kwa wembe mpya (butu huponda nyuzi na kuziba vitundu), utie tone la maji na kutazama kwa lenzi inayokuza mara 10. Birchi ina vitundu vidogo sana vilivyotawanyika sawasawa. Uso wake ni laini. Mwaloni una mikwaruzo mirefu na mipana iliyojipanga kwa mikanda, pamoja na vistari vyeusi vya miale (nyuzi zinazotoka kiini cha gogo kwenda nje). Mahogani na meranti, mti wa Asia ya Kusini-Mashariki, zina vitundu vikubwa unavyoviona bila lenzi, lakini havijipangi kwa mikanda.

Na ile michoro mipana inayopindapinda kama mawingu haitaji mti wowote. Inatokana na gogo kumenywa kwa kuzungushwa, na birchi, meranti na miti mingine mingi humenywa hivyo hivyo.

Ukishajua ni birchi, nunua birchi nyeupe na uipake shelaki ya kaharabu: gramu 240 za vipande kwa lita moja ya spiriti, mikono myembamba, ukilinganisha na ukuta kwa mwanga wa mchana baada ya kila mkono. Shelaki iliyokaa muda mrefu baada ya kuyeyushwa haikauki. Dondoshea tone kwenye kioo. Kesho yake likiwa bado linanata, mwaga yote.

Dhana: "mahogani ya Ufilipino" ni mahogani

Ni jina la biashara tu. Hiyo ni lauani, jamii ya meranti, wala haina undugu na mkangazi wetu, ambao kweli ni wa ukoo wa mahogani.

Dhana: kila chenye nyuzi ni vinia

Paneli nyingi za miaka ya 1970, za Marekani na za Ulaya, ni karatasi au plastiki iliyochapwa. Chini ya lenzi nyuzi zinavunjika kuwa nukta za rangi, na kifundo kilekile kinajirudia mbele kidogo. Ukipiga msasa, umefuta ukuta.

Dhana: msasa wa mashine ndio utaonyesha mbao halisi

Tabaka la juu la plaiwudi ya milimita 3 mara nyingi halifiki milimita moja. Mashine inalipita kabla hujaizima, na gundi nyeusi inajitokeza. Msasa namba 220, kwa mkono, kufuata nyuzi.

Dhana: weusi kuzunguka dirisha ni rangi ya mti mwingine

Ni maji yaliyovuja. Weusi unaozunguka msumari ni kutu, na asidi ya oksaliki huung'oa. Wa madoadoa ni kuvu, huo unahitaji dawa ya klorini. Vaa glavu, na usitumie dawa hizo mbili pamoja: zikikutana zinatoa gesi ya klorini, na ndani ya karavani hewa ni ndogo.